Maumivu ya Nyanya na Chupa Iliyofungiwa Sandukuni

Mhariri aliponitaka niandike makala ya somo, nafikiri alitarajia ngeli au tamathali za usemi. Aniwie radhi. Mwaka huu nimejifunza jambo jingine, na nilijifunza kwa kulazimika, kwani lilianzia nyumbani kwetu likizo ya Agosti mwaka jana.

Nyanya yangu alikuwa na saratani ya titi. Tulipofunga shule nilimkuta amelala chumba cha nje, ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Katika hospitali ya kwanza alikotibiwa, mama aliambiwa hivi, "Hakuna kitu tunaweza fanya sasa. Mpelekeni nyumbani." Basi akapelekwa, na mfuko wa vidonge vya kawaida vya maumivu. Usiku alikuwa akiguna kama mtu aliyetwikwa gunia asiloliweza. Mimi nililala chumba cha pili, mto juu ya masikio. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye tulimpeleka hospitali nyingine yenye kitengo cha kutunza wagonjwa wa namna hii, akapewa chupa ya mofini ya maji. Ungedhani taabu imekwisha. Wapi! Mjomba aliposikia jina la dawa aliichukua ile chupa, akaifunga kwa leso, akaitia katika sanduku lake la bati na kupiga kufuli. "Hiyo ni dawa ya kulevya," akasema. "Mwataka mama awe teja uzeeni?" Tangu siku hiyo nyanya alipewa kijiko pale tu alipolia sana, na hata hapo baada ya mabishano.

Mjomba si mtu mbaya. Ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili nyanya apasuliwe. Aliogopa tu, na woga wake ni woga wa watu wengi, wakiwemo madaktari. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma: je, anayosema ni kweli?

Mofini hutokana na afyuni, utomvu wa mmea uitwao mpopi. Afyuni hiyo hiyo kwa Kiswahili huitwa pia kasumba. Naam, kasumba! Neno tulilolizoea katika insha za "kasumba ya kikoloni" lilikuwa la dawa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani aitwaye Friedrich Sertürner aliitenga mofini kutoka katika afyuni, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kujua inavyofanya kazi. Mnamo 1973 watafiti walionyesha kwamba katika ubongo kuna vipokezi vinavyoishika, mfano wa kufuli inayongoja ufunguo wake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, wakagundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nayo. Kwa hiyo mofini huingia katika kufuli tuliyozaliwa nayo, ikapunguza nguvu ya habari za maumivu zinazopanda kupitia uti wa mgongo hadi ubongoni.

Lakini dawa ni kitu kimoja, na namna ya kuitoa ni kitu kingine. Hapa lazima nimtaje Mwingereza Cicely Saunders. Huyu mama alikuwa muuguzi kwanza, halafu mhudumu wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima, kwa sababu ya wagonjwa wa maumivu tu. Kuanzia 1958, katika hospisi ya St Joseph's mjini London, aliandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Desturi ya wakati ule ilikuwa kungoja mgonjwa alie ndipo adungwe sindano. Yaani alichofanya mjomba wangu, madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa wakikifanya! Saunders alitoa dozi ndogo ya kunywa, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Akaona wagonjwa wanabaki macho, wanaongea na jamaa zao, na wala hawadai dawa zaidi na zaidi bila kikomo. Mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's, ambayo ikawa shule ya dunia nzima.

Ni yeye pia aliyesema kwamba maumivu hayakai mwilini peke yake. Kuna ya mawazo, ya jamaa na pesa, na ya roho. Nyanya alikuwa na haya yote. Wasiwasi juu ya shamba ulimnyima usingizi sawa na ule mgongo.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa yenye vidato vitatu (si vidato vya shule): cha kwanza dawa kama paracetamoli, cha pili kama kodeini, cha tatu mofini. Mwongozo wa 2018 ulisema ngazi hiyo ni ya kuelekeza tu, si lazima mtu aanzie chini. Mwenye maumivu makali hawezi kuambiwa apande polepole. Ila neno la kutoa dawa kwa saa limebaki pale pale.

Na uteja je? Hapa tutenganishe mambo mawili. Mwili ukitumia mofini kwa muda huizoea, ndiyo maana haiachwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo. Uraibu ni tamaa inayomsukuma mtu aitafute dawa hata ikimharibia maisha. Kwa mgonjwa wa saratani anayepimiwa dozi na kufuatiliwa, la kwanza ni la kawaida, la pili ni nadra. Sisemi woga hauna msingi. Huko Marekani, kuanzia 1996, dawa ya OxyContin ilitangazwa kama salama hata kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo ya saratani, na barua fupi mno ya 1980 kuhusu wagonjwa waliolazwa hospitalini ikatumiwa kama ushahidi. Watu wengi sana waliangamia. Hiyo ilikuwa dawa iliyomwagwa ovyo kwa watu wasioihitaji. Kwetu Afrika shida ni kinyume chake. Jopo la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Wengine wanazama, wengine hawana hata tone la kunywa.

Si kwamba tumekaa bure. Zimbabwe ilipata hospisi mwaka 1979, na Nairobi Hospice ilianza 1990. Jirani zetu Waganda nawavulia kofia. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, walichukua unga wa mofini wakauchanganya na maji na kutia rangi, ikawa dawa ya bei ndogo ya kunywea nyumbani. Tena mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea huduma hii waandike mofini wenyewe, maana vijijini daktari yuko wapi?

Kuna wanaofikiri kuingia katika huduma hii ni kukata tamaa. Mjomba alisema hivyo pia. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipata matibabu ya saratani peke yake, nusu wakaongezewa huduma hii tangu mwanzo. Waliongezewa waliishi vizuri zaidi, na kwa kipimo cha kati waliishi miezi 11.6, wenzao 8.9. Mimi niliposoma hapo nilirudia mara mbili.

Sasa nirudi nyumbani. Wiki ya pili ya likizo, sista wa kile kitengo alikuja kumwona nyanya. Aliketi kwenye kigoda, akamwamkia vizuri, kisha akanyoosha mkono. "Nyanya, tazama hapa. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vitano, hakuna maumivu yanayozidi hayo. Wewe uko wapi?" Kipimo hiki cha sifuri hadi tano kimo katika orodha ya maswali iliyotengenezwa na watafiti wa Afrika, ikachunguzwa na kuthibitishwa mwaka 2010. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Nyanya alitoa vidole vitatu. Akamtazama mjomba aliyesimama mlangoni. Akaongeza viwili.

"Na yanaumaje?" sista akauliza. Nyanya hakukijua Kiswahili sana, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, kama nilivyokuwa siku ile kwenye kliniki. Alieleza kirefu. Nikasema, "Anasema anaumwa mgongo na mguu." Sista akanitazama. "Ameongea dakika nzima, wewe umenipa maneno matano. Hebu niambie yote."

Nilishikwa na aibu, mimi katibu wa chama cha Kiswahili! Nyanya alikuwa amesema mgongo unafukuta ndani usiku na mchana, ila mguu ni tofauti: unapigwa kama na umeme, kutoka kiunoni hadi kidoleni, kisha unachoma kama pilipili. Kliniki nilikuwa nimeyaacha hayo nikidhani ni manung'uniko ya mgonjwa. Kumbe ndiyo yenyewe! Maumivu yanayofukuta au kudunda mahali pamoja mara nyingi ni ya mfupa. Yanayosokota na kuachia ni ya matumbo. Yanayochoma, kuwasha na kupiga kama umeme ni ya mishipa ya fahamu, na hayo mofini peke yake huenda isiyamalize. Sista alimpigia daktari simu, nyanya akaongezewa amitriptilini, dawa ya watu wenye huzuni nzito ambayo kwa dozi ndogo hutuliza mishipa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti wetu alikuwa hai na alikuwa akisema. Sisi ndio tulifupisha.

Halafu akauliza, "Chupa anaweka nani?" Kimya. Mjomba alitoka, tukasikia kufuli. Sista hakumgombeza hata kidogo. Alimkalisha, akamweleza kuhusu kufuli na ufunguo, akamwambia pia madhara ya kweli: usingizi na kichefuchefu siku za kwanza, na kufunga choo ambako hakuishi, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja. Kisha akasema, "Baba, kaa nayo wewe. Kuiweka mbali na watoto ni vizuri. Ila iwe kwa saa."

Nilichora jedwali katika daftari la Hisabati: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili ili asiamshwe saa nane. Kila mstari ulikuwa na nafasi ya vidole. Siku ya kwanza ilisomeka vinne, vinne, vitatu. Siku ya nne kulikuwa na kimoja. Siku ya sita nyanya alidai uzi amalizie kiondo, akamtukana kuku aliyeingia jikoni, na jioni akamwita mjomba wazungumze habari ya shamba. Tuliwaacha peke yao.

Alifariki mwezi wa Novemba, nikiwa hapa shuleni. Mama aliniletea lile daftari. Baada ya mimi kuondoka mwandiko umebadilika, ni wa mjomba, mkubwa na wa kalamu nyekundu, hakuruka hata saa moja. Dawa iliyosalia aliirudisha hospitalini mwenyewe, kama sista alivyoagiza, imefungwa kwa ile ile leso.