Kwa Nini Pikipiki Humwangusha Anayejifunza?



Siku hizi pikipiki inafika hata pale ambapo gari halifiki. Ndiyo inayopeleka maziwa na mbogamboga sokoni. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku wa manane. Kwa hiyo vijana wengi, na akina mama pia, wanataka kujifunza kuiendesha. Jambo hilo ni zuri.

Lakini wengi wetu hufundishwa kwa maneno machache tu: "Hii klachi, hii gia, hii breki, haya twende." Dakika tano baadaye pikipiki iko chini. Wanaotazama wanacheka. Mwenye chombo anakasirika. Aliyeanguka anaambiwa kwamba hana moyo wa udereva.

Hiyo si kweli. Pikipiki haimwangushi mtu kwa sababu ya moyo wala bahati. Kila ikianguka ipo sababu, na sababu hizo zinajulikana. Leo tutazitazama moja moja.

MANENO YA SOMO HILI

Usukani: chuma kinachoshikwa kwa mikono miwili ili kuelekeza pikipiki.
Klachi: mkono wa kushoto wa usukani. Ukiubana, injini inaachana na tairi. Ukiuachia, injini inashika tairi na kulisukuma.
Moto: kipini cha kulia cha usukani. Ukikizungusha kuja kwako, injini inaongeza nguvu.
Breki ya mbele: hubanwa kwa mkono wa kulia.
Breki ya nyuma: hukanyagwa kwa mguu wa kulia.
Stendi: chuma cha kuisimamishia pikipiki.

UZITO WA PIKIPIKI

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria vijijini zina uzito wa zaidi ya kilo 100. Huo ni uzito wa gunia la mahindi lililojaa.

Sasa fikiri juu ya gunia hilo. Likisimama wima, unaweza kulizuia kwa mkono mmoja. Likiinama kidogo, utahitaji mikono miwili. Likiinama zaidi linakushinda, hata uwe na nguvu kiasi gani. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ikisimama wima, uzito wake unabebwa na tairi zake. Ikiinama, uzito unakuja kwako.

Tena wote mnaijua baiskeli. Ikienda, inasimama yenyewe. Ikipunguza mwendo sana, inaanza kuyumba. Pikipiki nayo ndivyo ilivyo. Ndiyo maana mwanafunzi mara nyingi huanguka akiwa amesimama, au akienda mwendo wa mtu anayetembea. Huanguka uani kwake, mbele ya duka, au pale anapogeuza. Wahenga walisema polepole ndio mwendo, lakini polepole ya pikipiki ina ufundi wake, na ufundi huo lazima ufundishwe.

MAKOSA YA MWANAFUNZI

Kosa la kwanza: stendi

Mtu anafika, anashusha stendi ya pembeni, anaingia dukani. Akirudi anakuta chombo kimelala. Kwa nini? Aliisimamisha kwenye mchanga au kwenye udongo uliolowa, na stendi ikazama. Dawa yake ni ndogo: weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi.

Kwenye mteremko, usiielekeze pikipiki chini. Ikijisukuma mbele kidogo tu, stendi ya pembeni inakunjika. Ielekeze juu, zima injini, kisha iache kwenye gia ya kwanza ili isirudi nyuma. Angalia pia upande ardhi inakoinamia. Stendi ya pembeni iko kushoto. Ardhi ikiinamia kulia, pikipiki inasimama wima mno, na hata mtoto akiigusa italalia kulia.

Wengine hawakosei kuishusha stendi, hukosea kuipandisha. Wanaondoka nayo ikiwa chini. Wakipinda kushoto, stendi inagonga ardhi na kuwatupa. Kabla ya kuondoka, tazama stendi kwa macho yako. Usiseme "nadhani nimeipandisha".

Kosa la pili: kuachia klachi ghafla

Mwanafunzi ametia gia ya kwanza. Anaachia klachi kwa mara moja kama mtu aliyeshika kaa la moto. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. Injini itazimika na pikipiki itasita, naye atalala nayo ubavu. Au kama ameongeza moto, itaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Mtu akivutwa hivyo hung'ang'ania usukani, na akining'inia usukani anazidisha moto bila kujua.

Njia iliyo sawa ni hii. Ongeza moto kidogo sana. Achia klachi polepole hadi uone pikipiki inaanza kujivuta. Hapo ndipo klachi inaposhika. Tulia hapo kidogo, usiiachie yote. Pikipiki ikishaanza kwenda, malizia kuachia. Likikushinda jambo lolote, bana klachi yote. Ukibana klachi, injini haiwezi tena kukuvuta.

Kosa la tatu: breki ya mbele usukani ukiwa umepinda

Hili ndilo linalowaangusha hata waliokwisha kuzoea. Mtu anageuza polepole, usukani umepinda. Kuku anakatiza. Anabana breki ya mbele yote. Tairi la mbele linasimama papo hapo, na uzito wote unaelekea kule usukani ulikopinda. Pikipiki inalala kabla hajashusha mguu.

Basi wako walimu wa mtaani wanaosema, "Usiguse kabisa breki ya mbele." Nao wanapotosha. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha pikipiki, na siku ya hatari utaihitaji. Kanuni ni hii: ukienda moja kwa moja kwenye njia ngumu, tumia breki zote mbili, ukibana kidogo kidogo. Ukigeuza polepole, au ukipita kwenye mchanga, tope au kokoto, tumia breki ya mguu kwa wepesi. Na kabla ya kusimama kabisa, nyoosha usukani.

Kosa la nne: kushusha mguu bila kutazama

Pikipiki imesimama salama. Dereva anashusha mguu, mguu unakosa ardhi. Kumbe pale kuna shimo, mfereji, au kokoto zinazoteleza. Pikipiki inaufuata mguu. Kwa hiyo kabla ya kusimama, chagua mahali pa kukanyaga. Shusha mguu wa kushoto, na wa kulia uache kwenye breki. Hasa kwenye mlima usiondoe mguu wa kulia kwenye breki, maana pikipiki itarudi nyuma nawe.

Kosa la tano: macho chini

Mwanafunzi anaogopa shimo, basi analitazama shimo. Matokeo yake anaingia shimoni. Mikono huenda kule macho yanakokwenda. Akitazama tairi la mbele wakati wa kugeuza, usukani unazidi kupinda na pikipiki inaanguka ndani ya mduara wake. Inua uso. Tazama pale unapotaka kufika. Ukigeuza, geuza na shingo.

Kosa la sita: mzigo kabla ya wakati

Huyu amejifunza siku mbili, siku ya tatu anabeba abiria. Abiria anapanda bila kuambiwa, anakanyaga upande mmoja, na chombo kinainama upande huo. Au wanapakia madumu ya maji yaliyojaa nusu. Maji yanacheza ndani ya dumu, na kila yakicheza yanausukuma usukani wako.

Usibebe mtu mpaka uweze kwenda polepole, kugeuza na kusimama bila kuyumba ukiwa peke yako. Utakapobeba, kanyaga chini kwa miguu yote miwili na ubane breki ya mbele, usukani ukiwa umenyooka. Ndipo umwambie abiria, "Panda." Akae kwa kutanua miguu, si kwa kukaa upande mmoja. Mzigo uwe chini, ufungwe imara, na uwe sawa kulia na kushoto.

Kosa la saba: kuizuia inapoanguka

Kosa hili ndilo linalovunja mifupa. Pikipiki imekwisha kuinama, na mtu anaona haya kuchekwa au anaogopa mwenye chombo. Anaingiza mguu chini aizuie. Kumbuka lile gunia. Likishainama sana hulizuii tena. Achia! Toa mguu, ruka pembeni. Kioo kikivunjika kinanunuliwa kingine. Mguu haununuliwi.

HESABU YA LEO

Tuseme kijana amechukua pikipiki ya mkataba. Kila siku ya kazi anampelekea mwenye chombo shilingi 10,000, siku 6 kwa wiki. Pikipiki imemlalia, kifundo cha mguu kimevunjika, na daktari amempumzisha wiki 6.

Siku 6 x wiki 6 = siku 36.
Siku 36 x shilingi 10,000 = shilingi 360,000.

Hizo ni fedha za mwenye chombo tu. Bado hatujahesabu matibabu, chakula cha watoto, wala shamba ambalo halikulimwa. Tena mikataba mingine inasema anayekosa kupeleka hesabu ananyang'anywa chombo. Huenda kijana huyo alibakiza miezi michache tu pikipiki iwe yake. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, someni mkataba unasemaje juu ya siku za ugonjwa. Ninyi mnajua kusoma. Hapa ndipo kusoma kunapolipa.

IKIANGUKA, UFANYE NINI?

1. Zima injini. Watu wasivute sigara karibu, kwa sababu petroli inaweza kuwa imemwagika. Kama kuna kifungio cha petroli, kifunge.

2. Mtazame mtu kwanza, chombo baadaye. Mguu ukiwa umepinda, umevimba sana au haukanyagiki, usiuvute wala usiukande. Ufunge usichezecheze, kisha apelekwe kituo cha afya.

3. Bomba la moshi huwa la moto sana. Likimchoma mtu, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala oili. Vitu hivyo vinaharibu kidonda.

4. Kuinua, ita mwenzako. Kama uko peke yako na imelalia kulia, kwanza fungua stendi ya pembeni, isije ikalalia upande wa pili. Tia gia ya kwanza isijiviringishe. Igeuzie mgongo, egemeza matako kwenye kiti, kamata usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine. Chuchumaa, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Usiinue kwa kiuno.

5. Kabla ya kuiwasha tena, jaribu breki zote, klachi, na uone kama usukani unageuka vizuri.

ZOEZI LA UWANJANI

Fanyeni zoezi hili uwanjani, si barabarani. Barabarani sheria inadai leseni. Vaeni kofia ngumu na viatu vilivyofunika vidole, si kandambili. Awepo mtu anayejua kuendesha.

Siku ya kwanza: Injini izimwe kabisa. Simama upande wa kushoto wa pikipiki, uikokote na kuisimamisha kwa breki mara kumi. Iinamishe kidogo kushoto na kulia, mwenzako akiwa upande wa pili, ili mwili wako uujue uzito wake. Panda na ushuke mara kumi.

Siku ya pili: Washa. Tafuta pale klachi inaposhika. Nenda hatua tano, bana klachi, simama. Rudia mpaka usizime injini hata mara moja.

Siku ya tatu: Zunguka mti polepole, uso ukiwa juu. Kisha nyoosha usukani ndipo usimame.

Kila mtu aendelee na hatua ya pili baada ya kuiweza ya kwanza. Akihitaji wiki nzima, apewe wiki nzima.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini pikipiki inayokwenda polepole huanguka kwa urahisi kuliko inayokwenda mwendo wa kati?
2. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pikipiki huanguka mara kwa mara? Ni kosa lipi kati ya haya saba linalotokea hapo? Mwaweza kufanya nini wenyewe kuparekebisha?
3. Mwalimu wa mtaani amesema usiguse breki ya mbele. Mtamjibu nini?
4. Kijana mwingine anapeleka shilingi 8,000 kila siku ya kazi, siku 6 kwa wiki. Ameumia na kukaa nyumbani wiki 4. Amekosa kupeleka shilingi ngapi?
5. Andika katika daftari lako sentensi tano za kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika pikipiki. Msomee jirani yako, kisha mwambie akuoneshe alivyoelewa.