KONA YA UFUNDI: Vitundu Vilivyojificha Ndani ya Vipuri vya Alumini

Mhudumu wa bodaboda anaona mafuta yakivuja kwenye kava ya injini. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anasaga penye ufa na kuanza kuchomelea, lakini kabla hajamaliza alumini inafura malengelenge na mashimo mapya yanatokea. Mteja anamlaumu fundi, naye fundi analaumu mashine yake. Mara nyingi kasoro ilikuwa ndani ya kava tangu ilipotoka kiwandani. Somo la toleo hili linaeleza jinsi kasoro hizo zinavyotokea, ili mkaazi ajue kipuri cha kukarabati na cha kubadilisha.

Kipuri kinavyotengenezwa

Kava nyingi za injini na baadhi ya leva za breki hutengenezwa kwa aloi ya alumini na silikoni. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Silikoni hushusha kiwango hicho na kuifanya itiririke vizuri. Kiwandani, pistoni husukuma aloi iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma kwa shinikizo kubwa. Aloi hupita kwenye mlango mwembamba kwa kasi inayoweza kuzidi mita 30 kwa sekunde, na kalibu hujaa kabla hujapepesa jicho. Njia hii hutoa vipuri vingi kwa bei nafuu, lakini haraka hiyo huleta kasoro.

Kasoro nne kuu

1. Vitundu vya hewa. Aloi inayorushwa kwa kasi humeza hewa iliyo ndani ya kalibu, pamoja na mvuke wa vilainishi vinavyopakwa ili kipuri kisinate. Hewa ikikosa pa kutokea, hubanwa humo. Vitundu hivi huwa vya mviringo na laini.

2. Vitundu vya haidrojeni. Unyevu ukikutana na alumini iliyoyeyuka hutoa haidrojeni, na alumini huinywa gesi hiyo. Ikiganda haiwezi kuishika tena, hivyo gesi hutoka kama mapovu ya soda chupa inapofunguliwa.

3. Mapengo ya kunywea. Alumini inapoganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 6. Sehemu nyembamba huganda kwanza. Sehemu nene huganda mwisho, wakati hakuna tena aloi ya kujaza pengo. Mapengo haya huwa na kingo zenye kukwaruza.

4. Mshono baridi. Mikondo miwili ya aloi ikikutana ikiwa imepoa, hugusana bila kuungana. Juu huonekana mstari mwembamba kama unywele, na ufa unaweza kuanzia hapo.

Kwa nini hatuvioni

Aloi inayogusa kalibu hupoa upesi na kufanya ngozi iliyoshikana, kama utando juu ya uji unaopoa. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia mafuta. Ikisagwa sana, vitundu vya ndani hufunguka na mafuta hupata njia. Ikichomelewa, joto hulainisha alumini na kutanua gesi iliyobanwa. Ndiyo maana kava hufura.

Zoezi kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi

Chukueni kava iliyotupwa, ikateni kwa msumeno wa chuma penye unene, kisha laini­sheni uso kwa msasa. Angalieni kwa kioo cha kukuza. Vitundu vya mviringo ni vya gesi. Vyenye kingo za kukwaruza ni vya kunywea.

Ushauri kwa wakaazi na mafundi

• Unaposafisha uso unaokaa gasketi, ondoa uchafu tu. Usile alumini.

• Kabla ya kuchomelea kava, jaribu sehemu ndogo. Ikifura, acha. Uvujaji mdogo kwenye kava isiyobeba mzigo unaweza kuzibwa kwa gundi ya chuma baada ya kuondoa mafuta yote.

• Leva ya breki au rimu iliyopasuka ibadilishwe. Kiraka kinaweza kung'aa nje huku ndani kuna mapengo, na maisha ya abiria yanategemea kipande hicho.

• Fundi wa jua kali anayeyeyusha alumini kuukuu akaushe vyuma na vifaa vyote kwanza. Unyevu huleta vitundu, na maji yaliyonaswa chini ya alumini iliyoyeyuka yanaweza kulipuka na kumchoma.

• Tenganisha chuma na alumini kabla ya kuyeyusha. Chuma kikizidi, aloi huvunjika kwa urahisi. Mimina polepole bila kukatiza, ili usiingize hewa.

Mteja, kabla hujamlaumu fundi, mwombe akuonyeshe mahali palipovunjika. Vitundu vilivyomo vitawaambia nyote wawili kama kuna cha kukarabati.