SOMO LA VIPIMO: KIKOMBE CHA SUKARI YA UNGA KINA GRAMU NGAPI?

Katibu wa chama cha msingi apokeapo gunia la sukari ya unga, ile laini ipambayo keki, huliandika daftarini kwa kilo. Mtunza duka akiiuza kwa kikombe, huandika vikombe. Siku ya kuhesabu mali maandishi hayo mawili hukutanishwa, na yasipolingana mtu hushukiwa wizi. Yawezekana hakuna aliyeiba chochote.

Kilo hupima uzito. Kikombe, kibaba, lita na debe hupima nafasi. Debe la lita 20 likijazwa maji huchukua kilo 20. Likijazwa sukari ya kawaida huchukua kilo 17 hivi, na likijazwa sukari ya unga isiyoshindiliwa, kilo 10 hivi. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakutaja kibaba cha nini, wala hawakuhitaji kutaja. Mwenye duka anahitaji.

Sukari zenyewe ni moja. Tofauti ni kwamba chembe za sukari ya unga zimesagwa hata zikawa kama vumbi. Hushikana zenyewe kwa zenyewe, hazilali vizuri, na hewa nyingi husalia katikati yake. (Wanga wa mahindi unaotiwa viwandani, kwa kawaida kama sehemu 3 katika 100, ni wa kuzuia isigande, wala si udanganyifu.) Hewa hiyo ndiyo iletayo mashaka. Kikombe kikigongwa mezani, hewa hutoka na sukari hushuka. Sukari ikichekechwa, hewa huingia tena.

Kwa sababu hiyo jedwali la kitabuni lisitegemewe peke yake. Kila chama kipime kikombe chake. Kikombe kitupu kiwekwe juu ya mizani na uzito wake uandikwe. Kisha kijazwe kwa kijiko, pasipo kutikiswa wala kushindiliwa, kisawazishwe kwa mgongo wa kisu, na kupimwa. Uzito wa kikombe kitupu utolewe. Kazi hiyo irudiwe mara tano, maana kupima mara moja hudanganya. Tuseme kikombe cha mililita 240 kimetoa gramu 118, 122, 119, 123 na 118. Jumla ni 600. Ikigawanywa kwa 5, wastani ni gramu 120. Basi mililita moja ina nusu gramu, na lita moja ina gramu 500. Anayetaka uzito huzidisha idadi ya vikombe kwa 120. Anayetaka vikombe hugawanya gramu kwa 120.

Sasa gunia la kilo 25 litazamwe. Gramu 25,000 zikigawanywa kwa 120 ni vikombe 208 na kidogo. Lakini mtunza duka mwenye mazoea ya kugonga kikombe kabla ya kusawazisha aweza kutia gramu 140, na gunia likaisha kwa vikombe 178. Upungufu wa vikombe 30 utaandikwa juu ya mtu asiyelamba hata kijiko. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani daftarini. Chama kikipanga bei kwa kukisia kikombe cha gramu 200, ambacho ni kikombe cha sukari ya kawaida, kisha kikampimia mwanachama gramu 120, kimemnyima gramu 80 kwa kila kikombe alicholipia.

Dukani, basi, sukari ya unga iuzwe kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Katika Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo. Kikombe kibaki jikoni. Hata huko hesabu ina faida yake: kikundi cha waoka keki kikihitaji vikombe 30 kwa ajili ya harusi, katibu aagize gramu 3,600, yaani kilo 3 na gramu 600. Akitumia hesabu ya sukari ya kawaida ataagiza kilo 6, na ile ziada ya kilo 2 na gramu 400 italala stoo.

Mwambao wakati wa masika sukari hiyo huvuta unyevu na kufanya mabonge. Yenye mabonge isipimwe kwa kikombe kamwe kabla haijapondwa na kuchekechwa, na baada ya hapo kikombe kipimwe upya.