SOMO LA KIKUNDI: SHIMO LA MOTO LA BOMANI, LA KUCHOMEA NA KUKAUSHIA SAMAKI



Nikitembelea vikundi, kutoka Muhuru na Karungu hadi Sindo na Kendu Bay, naona moto ule ule. Mawe matatu chini, au shimo lililochimbwa kwa haraka, wavu wa zamani umelazwa juu, na mama ameinama machozi yakimtoka, anapepea kwa kipande cha katoni. Samaki wa upande huu wameungua, wa upande ule bado wana damu. Kuni nazo zimekwisha. Ukiuliza zilitoka wapi, unaambiwa zimenunuliwa, maana miti ya karibu ilikatwa zamani.

Leo tujifunze kujenga shimo moja la kudumu, la matofali, ambalo moto wake mmoja unafanya kazi tatu. Mchana linakausha samaki wa biashara. Jioni linachoma samaki, mahindi au nyama ya wageni. Kazi ikiisha, watu wa boma wanaketi kando yake na kuzungumza, kama wazee walivyokuwa na moto wao wa duol. Kazi ya tatu haina gharama, lakini msiidharau. Vikundi vingi nimeona vikipatana pale motoni kuliko kwenye mkutano wenye ajenda.

Kwa nini kuni zilianza kutushinda? Zamani ngege alipasuliwa, akaanikwa juani, akawa obambla bila kijiti kimoja cha kuni. Halafu mbuta akaletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Mbuta ana mafuta mengi, na jua peke yake halimkaushi vizuri, anaoza. Ni lazima akaangwe au apewe moto na moshi. Viwanda vya minofu vilipokuja, sisi tukabaki na mgongo wazi, na huo pia unataka moto. Kwa hivyo samaki alibadilika lakini moto wetu haukubadilika. Omena, wao waacheni kwa jua, juu ya kitanda cha wavu, wasiwekwe mchangani.

Wenzetu wa Ghana walipata shida kama hii. Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Chorkor, karibu na Accra, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitengeneza jiko la kuta za udongo lenye umbo la sanduku, na juu yake wakapanga trei moja juu ya nyingine. Joto na moshi vinapita katika trei zote kabla ya kutoka nje. Ni jambo rahisi, na limeenea nchi nyingi za Afrika. Shimo letu la leo linachukua akili hiyo, ila tunaliteremsha nusu ardhini ili liwe pia la kuchomea.

MAHALI. Usianze na jembe, anza na moshi. Washa majani mabichi kidogo pale unapofikiria kujenga, mchana mara moja na usiku mara moja, uone moshi unaenda wapi. Sisi wa karibu na ziwa tunajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukarudi ziwani. Kwa hivyo shimo lisiwe kwenye mstari mmoja na nyumba ya nyasi, upande wowote ule. Pima hatua kumi na zaidi kutoka nyumba, ghala na ua. Kama ua wako ni wa ojuok, sogea mbali zaidi, na kamwe msitumie matawi yake kama kuni. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na moshi wake pia ni mbaya.

Kama boma lako liko chini kabisa ufuoni, usichimbe. Mnakumbuka mwaka 2020 maji ya ziwa yalivyopanda yakaingia kwenye bandari na nyumba za watu. Huko jenga juu ya ardhi tu, vipimo ni vile vile, ukuta wote uwe nje. Na wale wa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama wa Lambwe, chimbeni zaidi kidogo na mjaze murram ya kutosha, la sivyo ukuta utapasuka pamoja na udongo.

VIFAA. Matofali ya kuchoma kama 110, pamoja na yale ya kuvunjika. Murram au kokoto kavu, toroli 2. Udongo wa kichuguu, toroli 2 au 3. Mchanga toroli 1. Majivu na nyasi kavu zilizokatwa ndogo ndogo. Nondo za kawaida. Mbao nyembamba na wavu kwa ajili ya trei, na kipande cha bati cha kufunikia.

Hapa nitoe maonyo mawili. La kwanza, msiokote mawe ya mtoni au ya ufuoni kuyajengea ndani ya moto. Jiwe lililokunywa maji likipata joto kali linaweza kupasuka kwa kishindo na vipande vikaruka. La pili ni juu ya wavu. Wavu mpya unaong'aa umepakwa zinki, na zinki ikiungua sana hutoa moshi wa sumu. Pale karibu na makaa tumieni nondo tupu zisizopakwa kitu. Fundi wa jua kali sokoni ataziunga kwa saa moja.

Kichuguu nacho kina mwenyewe. Kama bado kinatoa ng'wen, ongea na mwenye shamba kabla ya kupiga jembe. Nimeona ugomvi wa kichuguu ukivunja kikundi.

KUCHIMBA NA KUJENGA. Chimba shimo la futi 4 kwa futi 3, kina inchi 16. Pande za shimo ziwe wima. Mwaga murram chini inchi 4 na uishindilie. Hii inanyonya maji ya mvua na kuzuia unyevu usipande.

Changanya udongo wa kichuguu sehemu 2 na mchanga sehemu 1, ongeza majivu na nyasi kidogo, ukanyage kwa miguu kama wa kukandika nyumba. Uache ulale usiku mmoja. Kisha finyanga mpira mdogo, uuanike kivulini. Ukikauka na kupasuka sana, ongeza mchanga. Ukimomonyoka mkononi, ongeza kichuguu. Saruji haifai ndani. Watu wengi wanafikiri saruji ndiyo kitu cha nguvu, lakini moto unaila, na baada ya miezi michache inaanza kuanguka juu ya chakula. Kama mnayo kidogo, pakeni upande wa nje tu na kando ya mdomo, ili mvua isiingie.

Panga matofali kuzunguka, ndani pabaki futi 3 kwa futi 2. Upande mmoja mfupi, ule unaoelekea upepo wa saa zenu za kazi, acha mlango wa hewa wa upana wa futi 1 kuanzia chini kabisa. Ukifika mstari wa tatu, laza vipande vya nondo juu ya mlango huo, ujenge kupita juu yake. Kwa nje, chimba mteremko wa kushuka hadi mlangoni. Kwa njia hiyo moto unapumua kutoka chini, na hapo hapo ndipo unasukumia kuni na kutoa majivu. Huu mlango ndio roho ya kazi yote. Shimo lisilo na mlango linatoa moshi mwingi na joto kidogo, na wewe unarudi kupepea na katoni.

Ukimaliza mstari wa nne, matofali ya mstari wa tano upande wa kuume na wa kushoto yachomoze ndani inchi 2. Hiyo ni rafu ya kukalia wavu wa nondo. Endelea hadi mstari wa saba. Sasa una ukuta wa futi 2, futi 1 ardhini na futi 1 nje. Jaza udongo nje ya ukuta na uushindilie vizuri, maana udongo huo ndio blanketi ya kushika joto.

Wavu wa nondo ufanywe vipande viwili, kila kimoja futi moja na nusu kwa karibu futi 2. Sababu ni hii: ukitaka kuongeza kuni au kusogeza makaa, unainua kipande kimoja tu na samaki wa kipande cha pili wanaendelea.

Trei za kukaushia hazikai kwenye rafu. Zinakaa juu kabisa, kwenye mdomo wa ukuta. Pimeni fremu ya mbao ikalie katikati ya unene wa tofali, isiingie ndani, la sivyo itashika moto. Zote ziwe za kipimo kimoja ili zipangane. Anzeni na trei 3.

Shimo lenu likiisha, lifunikeni kwa nyasi au bati, likauke polepole kwa wiki 2. Halafu washeni moto mdogo wa vijiti siku 3 mfululizo kabla ya moto mkubwa. Jengeni Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Shimo lisilofunikwa wakati wa mvua hujaa maji, nayo ni hatari kwa mtoto na ni nyumba ya mbu.

KULITUMIA. Kwa kuchoma, msiweke chakula kwenye ndimi za moto. Ngojeni kuni ziwe makaa mekundu yenye majivu juu, kisha yasukumeni pembeni, katikati pabaki wazi, na samaki wa mafuta akae hapo katikati. Mafuta yakidondoka juu ya makaa hutoa moshi mweusi, na moshi huo una kemikali zinazohusishwa na kansa. Kinachotakiwa ni rangi ya kahawia, mweusi wa masizi si mapambo.

Kwa kukausha, ondoeni kwanza wavu wa nondo. Samaki asafishwe, apasuliwe, atiwe chumvi na kuachwa maji yachuruzike, maana samaki wa maji maji anakula kuni nyingi. Mwanzo moto uwe wa wastani hadi nyama iive. Baadaye punguzeni, funikeni kwa bati, moshi mwembamba umalizie kazi kwa saa kadhaa. Kila baada ya muda trei ya chini ipande juu na ya juu ishuke. Kuni ziwe kavu na ngumu: matawi ya mwembe au mpera yaliyopunguzwa, au magunzi ya mahindi. Sipres na msindano zina utomvu unaofanya samaki awe mchungu. Mbao za rangi, plastiki na matairi, hapana kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Kikundi kimoja cha akina mama kilichimba shimo zuri, wakachoma, wakauza, wakaenda kulala. Asubuhi majivu yalikuwa meupe, yametulia kama unga. Mtoto wa miaka mitatu akakanyaga. Chini ya yale majivu makaa yalikuwa bado hai. Nilifika saa tatu, nikakuta miguu imepakwa dawa ya meno na mafuta taa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuchimba, na neno la kifuniko sikulisema. Mtoto alipona, lakini anatembea kwa shida.

Kwa hivyo kifuniko si cha kukausha samaki tu. Kila usiku shimo lifunikwe kwa bati, jiwe liwekwe juu, na mlango wa hewa uzibwe kwa tofali. Mjue pia kama katika boma kuna mtu wa kifafa, asiachwe peke yake karibu na moto. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Dawa ya meno, majivu, mayai, mafuta taa, yote hayo yanaongeza kidonda. Na makaa yaliyobaki yasiingizwe nyumbani kupasha joto usiku. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

KAZI YA KUFANYA PAMOJA. Msiniamini mimi, pimeni. Siku ya kwanza kausheni kilo 20 za samaki kwa moto wenu wa zamani. Kabla ya kuwasha pimeni kuni kwa ile mizani ya samaki, na mkimaliza pimeni zilizobaki. Siku ya pili fanyeni hivyo hivyo kwenye shimo jipya, samaki wa aina ile ile, kuni za aina ile ile. Mwekahazina aandike kwenye daftari: kilo za kuni, bei yake, saa zilizotumika, samaki walioungua. Halafu zidisheni kwa siku za soko za mwezi mmoja.

Mkikutana mjadili haya. Pesa za kuni zilizookolewa zitakuwa za nani, za mama aliyekuwa akizibeba au za mfuko wa kikundi? Nani atapanda miti ya kuni, katika shamba la nani, na mumewe amekubali? Zamu ya kufunika shimo usiku ni ya nani wiki hii? Jina lake liandikwe kabla hamjatoka mkutanoni.