MWISHO WA UGENI: SOMO KATIKA KHABARI ZA WATU WA JAHAZI

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu tuliulizwa na mzee mmoja kwamba mwanawe amekaa Arabuni kwa kazi miaka mingi, yeye na mkewe, na watoto wamezaliwa huko. Sasa mkataba wakaribia kwisha, nao wajitayarisha kurudi. Je, ni lipi litupasalo, wao na sisi?

Twasema, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kuwafikisha, mfano wake tunao katika sira. Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asma binti Umays r.a. walihamia Habasha kiasi cha mwaka 615, kwa kukimbia mateso ya Makureshi. Mfalme Najashi aliwapa amani, na walipokuja wajumbe kutaka warudishwe, akakataa kuwatoa. Huko wakazaliwa wana wao Abdallah, Muhammad na Aun, watoto wasioijua nchi nyingine ila Habasha. Mwaka wa 7 wa Hijra (628), baada ya zaidi ya miaka 10, Mtume s.a.w. alimtuma Amri bin Umayya kwa Najashi, naye akawasafirisha kwa majahazi mawili. Walifika Khaybar imekwisha kufunguliwa, na Mtume akasema hajui lipi limfurahishalo zaidi, kufunguliwa kwa Khaybar au kuja kwa Jaafar.

Lakini si wote waliowapokea hivyo. Asma alikuwa kwa Hafsa siku moja, Sayyidna Umar r.a. akaingia, akauliza kama huyu ndiye yule wa Habasha, yule wa baharini. Kisha akasema kwamba wao wamewatangulia kwa Hijra, basi wana haki zaidi kwa Mtume. Asma akaghadhibika. Akajibu kwamba wenzao walikuwa na Mtume akiwalisha wenye njaa na kuwafunza wajinga wao, na hali wao walikuwa katika nchi ya mbali, wakiudhiwa na kuogopa. Akaapa hatakula wala kunywa mpaka amweleze Mtume. Mtume akahukumu kuwa Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana Hijra mbili. Wenziwe wakawa wakimjia makundi makundi kumwomba awasimulie maneno hayo.

Katika khabari hii mna mafunzo.

Kwanza, sisi tuliobaki mjini tusidhani kwamba aliyekuwa ng'ambo alikuwa katika raha tupu. Twaona mtoto arejeapo na lafudhi ya ugenini huchekwa barazani na kupachikwa jina. Hili ni dhulma, kwani mtoto hakuchagua pa kuzaliwa.

Pili, wageni hawa wapewe fungu. Mtume aliwagawia watu wa jahazi katika ngawira ya Khaybar, wala hakumgawia mwengine asiyehudhuria. Basi tuwatafutie watoto nafasi ya chuo na skuli, na baba yao tumwonyeshe mlango wa kazi, kabla ya kuuliza masanduku yana nini.

Tatu, wanaorudi walipe deni, warudishe amana, na watake radhi kwa majirani na wenzi wa kazi. Jaafar na wenziwe waliondoka Habasha kwa wema, na Najashi alipokufa Mtume alimsalia Sala ya Ghaibu. Tena wawazoeze watoto mapema lugha ya bibi na babu yao, ili wasiwe mabubu siku ya kukutana.

Nne, haja ikiisha wasikawie. Mtume ametufunza kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba mwenye kumaliza haja yake aharakishe kwa watu wake. Wengi huongeza mwaka baada ya mwaka kwa kungoja mali zaidi, hata wakarudi wazee wao wamo kaburini. Jaafar mwenyewe alikufa shahidi Muuta mwaka wa 8 wa Hijra (629), na baina ya kurudi kwake na kufa kwake haikupita ila muda mchache.

Mzee wetu aliposikia haya alinyamaza, kisha akasema atamwandikia mwanawe usiku ule ule. Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wote walio mbali, na atujaalie sisi kuwa wenyeji wema. Amin.