Ua la Uzi: Mafundisho ya Kufuma kwa Kroshia

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya meza na migongo ya viti, vyenye maua yaliyoinuka kana kwamba yamechumwa bustanini. Wako wanaodhani kuwa maua hayo hutoka katika mashine, na wako wanaoona kuwa ni ufundi mgumu wa kujifunza miaka mingi. Wote hao wamekosea. Ua hilo hufumwa kwa mkono, kwa uzi na sindano moja yenye ndoano nchani, iitwayo kroshia. Na mtu yeyote ajuaye kuhesabu hata kumi na moja aweza kulifuma. Leo twapenda kueleza jinsi lifumwavyo, na sababu ya kazi ndogo namna hii kustahili heshima na malipo ya haki.

ASILI YA UA HILI

Ua tutakalolifundisha ni waridi la Ayalandi, nalo lina habari yake. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi ya nchi hiyo, viazi vikaoza ardhini. Wakulima maskini walikuwa wakiishi kwa viazi karibu peke yake, basi njaa ikawashika hata mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao wakienda Marekani. Ugonjwa huo ndio uleule unaoharibu viazi na nyanya katika nyanda za juu za Afrika Mashariki hata leo, kwa hiyo wakulima wetu wanazifahamu vema hasara zake.

Katika taabu hiyo watawa wa kike wa Cork, na wanawake wengine wenye huruma, walishika kazi ya kuwafundisha wasichana na mama wa nyumbani kufuma kwa kroshia. Huko Clones, katika wilaya ya Monaghan, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mji ule, aliianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Mfumaji hakuhitaji shamba wala mtambo. Sindano na uzi vilimtosha, na kazi iliweza kufanywa kando ya moto mtoto akiwa amelala. Nyumba moja ilifuma mawaridi, nyumba nyingine ikafuma majani, kisha mafundi wengine wakayaunganisha yote yakawa kola au vazi zima, likauzwa katika miji mikubwa ya ng'ambo. Hatusemi kuwa uzi uliiondoa njaa, maana haukuiondoa. Walakini jamaa nyingi zilipata kwa kazi hiyo fedha za kununulia chakula na kulipia kodi ya nyumba, hapo ambapo shamba halikutoa kitu.

VIFAA

Anayeanza na achague uzi mnene wa pamba au wa sufu, wenye rangi nyeupe au nyingine isiyo ya giza, ili aone vizuri matundu ya kazi yake. Kroshia ya unene wa milimita 4 yafaa kwa uzi wa namna hiyo. Uzi mwembamba wa vitambaa vya meza wataka kroshia nyembamba, ya milimita 2 au chini yake, lakini huo na ungoje mpaka mkono uzoee. Asiye na kroshia ya dukani aweza kuchonga ya mwanzi au ya mti mgumu, mradi ailainishe sana isikwaruze uzi. Tena yatakiwa mkasi, na sindano ya kawaida yenye tundu pana la kufichia ncha za uzi.

MISHONO MITANO

Kwanza fanya tanzi lenye kukaza, kama lile la mtego wa ndege, ulivike kwenye kroshia. Shika kroshia kwa mkono wa kuume, na uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kisha jifunze mishono hii mitano, moja baada ya mwingine, wala usiende mbele kabla ya kuujua ule wa nyuma.

1. Pingili ya mnyororo. Zungusha uzi juu ya sindano, uvute upite katika kitanzi kilichopo. Hiyo ni pingili moja. Fanya nyingi mpaka zilingane zote kwa ukubwa.

2. Mshono wa kufungia. Ingiza sindano katika tundu, zungusha uzi, uvute upite katika tundu na katika kitanzi kilicho juu ya sindano kwa mara moja.

3. Mshono mfupi. Ingiza sindano katika tundu, vuta uzi. Sasa una vitanzi viwili. Zungusha uzi, uvute upite katika vyote viwili.

4. Mshono wa kati. Zungusha uzi kwanza, ndipo uingize sindano na kuvuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, uvute upite katika vyote vitatu pamoja.

5. Mshono mrefu. Anza kama mshono wa kati mpaka uwe na vitanzi vitatu. Zungusha uzi, uvute upite katika viwili tu. Zungusha tena, uvute upite katika viwili vilivyobaki.

KUFUMA UA

Moyo wa ua. Fanya pingili 6, kisha funga ya mwisho na ya kwanza kwa mshono wa kufungia, upate pete ndogo. Sasa fanya pingili 6 nyingine: 3 za kwanza zasimama badala ya mshono mrefu, na 3 za pili ni nafasi. Ndipo ufume ndani ya pete mshono mmoja mrefu na pingili 3, ukarudia hivyo mara 5. Funga mshono wa kufungia katika pingili ya tatu ya zile 6 ulizoanzia. Utaona gurudumu dogo lenye njiti 6 na nafasi 6. Hesabu hapa. Kama ni 5 au 7, fumua, maana kosa la hapa litafuata ua zima.

Safu ya kwanza. Katika kila nafasi fuma mishono 7 kwa taratibu hii: mfupi 1, wa kati 1, mirefu 3, wa kati 1, mfupi 1. Kwa kuwa mishono yainuka na kushuka, hufanya umbo la mviringo, ndiyo petali ya ua. Fanya hivyo katika nafasi zote 6, kisha funga.

Safu ya pili. Usiligeuze ua. Inamisha petali kuelekea kwako mpaka uone njiti za gurudumu nyuma yake. Sindano na iingie kutoka nyuma, upande wa kuume wa njiti ya kwanza, itokeze mbele, kisha irudi nyuma upande wa kushoto, hata iwe imeikumbatia njiti. Hapo fanya mshono mfupi. Fanya pingili 5, kisha mshono mfupi wa kuikumbatia njiti ya pili. Endelea hivyo kuzunguka ua zima, na baada ya pingili 5 za mwisho funga katika mshono mfupi wa kwanza. Umepata matao 6 nyuma ya petali. Katika kila tao fuma mishono 9: mfupi 1, wa kati 1, mirefu 5, wa kati 1, mfupi 1. Funga.

Safu ya tatu. Fanya kama safu ya pili, lakini sasa sindano yakumbatia ile mishono mifupi iliyoyashika matao, na kila tao ni la pingili 7. Katika kila tao fuma mishono 11: mfupi 1, wa kati 1, mirefu 7, wa kati 1, mfupi 1. Funga, kata uzi ukiacha urefu wa kidole, uupitishe katika kitanzi cha mwisho na kukaza. Ncha zote mbili zifichwe kwa sindano upande wa nyuma.

Waalimu wataona kuwa hapa pana somo la hesabu pia. Safu ya kwanza ina petali 6 za mishono 7, ndiyo 42. Ya pili ina petali 6 za mishono 9, ndiyo 54. Ya tatu ina petali 6 za mishono 11, ndiyo 66. Jumla ni petali 18 na mishono 162. Mtoto aliyeihesabu kwa vidole vyake hataisahau upesi.

MAKOSA YA WANAOANZA

Kosa la kwanza ni kukaza uzi mno. Petali hujikunja kama jani lililonyauka, na sindano hukataa kuingia. Dawa yake ni kulegeza mkono, au kutumia kroshia nene kidogo. Kosa la pili ni kuruka nafasi ya mwisho, hata ua likawa na petali 5 katika safu moja na 6 katika nyingine. Dawa yake ni kuhesabu mwisho wa kila safu. Kosa la tatu ni kuona haya kufumua. Kazi hii ina fadhili kubwa: uzi ukivutwa hurudi kuwa uzi, wala hakuna kilichopotea ila muda.

Ua likiisha, lioshwe kwa maji baridi na sabuni, lichovywe katika wanga mwepesi wa muhogo, linyoshwe kwa vidole petali moja moja, likaushwe kivulini juu ya kitambaa safi. Litasimama imara siku nyingi.

HABARI YA BEI

Sasa twataka wasomaji wetu, hasa viongozi wa vijiji na wa vyama vya akina mama, wasikilize kwa makini. Mashine zimefuma nguo na kushona lesi kwa muda mrefu. Na tangu mwisho wa karne ya 19 mashine za Uswisi na Ujerumani zilitoa lesi rahisi zilizoiga sura ya kazi ya Ayalandi, zikawapunguzia soko wafumaji wale. Lakini kuiga ni kuiga. Hata leo kroshia ya kweli iuzwayo sokoni haifumwi kwa mashine. Kila ua la kroshia ulionalo, popote liuzwapo, limepita katika vidole vya mtu. Kwa hiyo likiuzwa kwa bei ya bure, ujue kuna mtu ambaye muda wake haukulipwa.

Twaona akina mama wengi wakipanga bei kwa kuhesabu uzi tu. Hiyo si biashara. Hesabu ya haki ni hii: andika bei ya uzi uliotumika, andika saa ulizofuma, uliza kibarua wa shambani hapo kwenu hupata kiasi gani kwa saa, zidisha kwa saa zako, ujumlishe na uzi. Hapo ndipo bei yaanzia. Mnunuzi akisema ni ghali, mpe uzi na kroshia ajaribu mwenyewe safu ya kwanza.

Tena yafaa kufuata mfano wa Clones, wa kugawana kazi. Wanawake kumi wakiafikiana, mwenye mkono mwepesi akafuma mawaridi, mwingine majani, mwingine akaunganisha, kitambaa kimoja kikubwa kitakwisha kabla mmoja peke yake hajafika nusu. Ila sharti wote watumie uzi wa namna moja, kroshia ya unene mmoja, na hesabu moja. La sivyo maua hayatalingana, na mnunuzi ataona.

Basi anayependa na aanze leo kwa pingili 6. Ua la kwanza litakuwa baya, la pili litakuwa na sura, na la tano litafaa kuwekwa mezani mbele ya wageni. Asilitupe lile la kwanza. Alitunze kando ya la tano, apate kuona mkono wake umetoka wapi.