SOMO LETU: MBWA WA KAMBINI NA HATARI ZA BUSTANI



Wengi wetu tunaoishi katika kambi za mashamba ya chai, miwa na kakao nchini Uganda tuna kipande cha bustani nyuma ya nyumba, na tuna mbwa. Hatumfugi kwa fahari. Yeye ndiye askari wetu wa usiku, na mchana hufukuza tumbili wanaokula mahindi yetu. Lakini akifa ghafla twasema, "Ni mbwa tu," tukamtupa. Hapo tunakosea. Mbwa hutembea peku kama watoto wetu, na hulala juu ya udongo ule ule wanaouchezea. Linalompata yeye leo laweza kumpata mtoto kesho.

SUMU

Mbarika huota penye jalala na kando ya njia. Mbegu zake zina sumu kali, hasa zikitafunwa. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta yake hutumiwa kama mbolea, na mbwa huvutwa na harufu yake. Akiyala hutapika na kuharisha damu.

Ndugu zetu wa Bundibugyo, wanakolima kakao, nao waangalie. Mbegu za kakao na maganda yake zina kitu kiitwacho tiobromini, ambacho mwili wa mbwa hukiondoa polepole mno kuliko mwili wa mtu. Mbwa huhangaika, moyo humwenda mbio, kisha hushikwa na kifafa. Kakao iliyoanikwa isiachwe chini, wala maganda yake yasitandazwe bustanini penye mbwa.

Hatari kubwa zaidi ni dawa za kupuliza. Katika kambi moja tuliona mbwa akilamba maji yaliyobaki ndani ya kopo la dawa lililotupwa mtaroni. Jua halikutua akafa. Jirani yetu alikuwa amekwisha kuliweka kando kopo la pili, apate kutekea maji.

FUNZA, MINYOO NA KUPE

Funza jike huchimba ndani ya ngozi ya mguu, huvimba kama punje ya njegere, na mayai yake huanguka mavumbini. Mbwa na nguruwe humbeba sawa na mtu. Kwa hiyo tukimtibu mtoto na kumwacha mbwa, funza atarudi. Mwaka 2010 funza walienea sana Busoga, na watu walipoteza maisha.

Watoto wa mbwa huweza kuzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto mwenye mikono michafu huyameza. Safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu na kuleta mchirizi unaowasha na kutambaa.

Kupe wa mbwa hunyonya damu na kumwambukiza maradhi. Hutaga mayai katika nyufa za kuta.

TUFANYE NINI?

1. Tuchimbie mavi ya mbwa kila siku, mbali na mboga.

2. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na umri wa wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8. Kipimo atoe daktari wa mifugo.

3. Tukague miguu na masikio ya mbwa kila jioni. Kupe avutwe polepole kwa kibanio, asipondwe kwa vidole.

4. Tusimwogeshe mbwa kwa dawa ya kupulizia mimea. Wengi wamewaua mbwa wao hivyo, wakidhani wanawatibu.

5. Akila sumu tusimnyweshe mafuta kwa nguvu. Tumpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, pamoja na kipande cha mmea au kopo lenyewe.

KAZI YA CHAMA

Yapo mambo ambayo mtu mmoja hayawezi. Sakafu ya udongo ndiyo kitalu cha funza, na mwenye nyumba za kambi ni mwajiri. Makopo ya dawa pia ni yake. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unataka pawe na utaratibu salama wa kukusanya na kuharibu vyombo vitupu vya dawa za kilimo. Kila kamati ya chama ilipeleke jambo hili katika mazungumzo na mwajiri, pamoja na dai la sakafu za saruji. Mbwa hana chama. Sisi tunacho.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kambi yetu makopo ya dawa hutupwa wapi, na nani huyaokota?

2. Nyumba ngapi zetu zina sakafu ya udongo?

3. Mbwa wa mwisho kufa kambini alikula nini, na watoto walikuwa wakicheza wapi siku hiyo?